Sura ya Tano: Barua Mezani kwa OCS

Tarehe 1 Juni 2024 Sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa Bungoma, katika Uwanja wa Masinde Muliro ulioko Kanduyi. Gwaride lilipita, hotuba kuhusu kilimo zikatolewa, na wakubwa wa nchi wakaketi jukwaani katika uwanja wenye jina la Muliro. Mwezi huo haukwisha kabla vijana wa Bungoma, pamoja na wenzao wa Kitale na wa miji mingine mingi, hawajaingia barabarani kuukataa Mswada wa Fedha. Wengi wao walibeba bendera ya taifa, simu na chupa ya maji. Wapo viongozi waliowaita wahalifu.

Mimi nasema vijana wale ndio waliomuenzi Muliro mwezi ule, kuliko hotuba zote za Kanduyi.

Masinde Muliro alizaliwa Kimilili mwaka 1922. Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, akarudi nyumbani, na Machi 1957 akawa mmoja wa Waafrika 8 wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura. Baadaye siasa zake zilijikita Trans Nzoia, na hiyo ndiyo sababu Bungoma na Kitale zote humwita mwana wao. Ukisafiri kutoka Webuye kwenda Kitale, ukapita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, hutajua kwa lugha za sokoni kwamba umevuka kutoka kaunti moja hadi nyingine. Ni watu wale wale, wenye mashamba huku na mashemeji kule.

Machi 1975 mbunge J.M. Kariuki aliuawa. Bunge liliunda kamati teule ya uchunguzi, mwenyekiti wake akiwa Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma. Ripoti ilipopigiwa kura mwezi Juni, Muliro alikuwa waziri, na waziri alitarajiwa kusimama na serikali. Alisimama na ripoti. Alifutwa kazi pamoja na mawaziri wasaidizi wawili waliopiga kura kama yeye. Miaka kumi na sita baadaye, akiwa mtu mzima wa kukaribia sabini ambaye angeweza kukaa shambani kwake akanywa maziwa ya ng'ombe wake, alikuwa miongoni mwa waasisi wa vuguvugu la upinzani la FORD, wakiwa na Jaramogi Oginga Odinga, Martin Shikuku na wengine, wakiitisha mkutano wa hadhara Kamukunji bila kibali cha serikali. Nitaurudia mkutano huo. Kwanza tujue kibali chenyewe kilitoka wapi, na habari hiyo inatupeleka Malakisi.

Malakisi ni mji mdogo wa Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda. Mwaka 1948 jina lililowanyima usingizi wakoloni wa eneo lile lilikuwa la Elijah Masinde, naye pia mzaliwa wa Kimilili. Ujanani aliwahi kuichezea Kenya kandanda katika Kombe la Gossage. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipinga watu kuchukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi za serikali na za mashamba ya walowezi. Serikali haikujibu hoja yake. Mwaka 1945 ilimpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko hadi 1947. Hilo ni jambo la kulifikiria kwa utulivu. Mtu amesema watu wake wasifanyishwe kazi kwa shuruti, na dola imeona maelezo pekee ya maneno yake ni kwamba amerukwa na akili.

Alipotoka, wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini aliyoiongoza, waliongezeka. Walidai ardhi. Wabukusu wengi walikuwa wakiishi kama vibarua na maskwota katika mashamba makubwa ya Wazungu huko Trans Nzoia, wakichunga ng'ombe wachache kwa ruhusa ya bwana shamba, ruhusa ambayo ilizidi kubanwa mwaka hadi mwaka. Tarehe 10 Februari 1948 umati wa wafuasi ulikuwa nje ya kituo cha polisi cha Malakisi. Polisi walifyatua risasi. Watu 11 walikufa na 16 wakajeruhiwa. Dini ikapigwa marufuku mwaka huohuo, Masinde akakamatwa na kupelekwa uhamishoni pwani, Lamu.

Sitaki kuwapaka mafuta wafuasi wa Dini ya Msambwa. Wapo waliochoma majengo, wapo waliowatisha wamisheni. Lakini tazama kilichofuata. Risasi za Malakisi hazikujibu hata swali moja kuhusu ardhi. Dini iliingia mafichoni na kuvuka hadi kwa Wapokot, na Aprili 1950 huko Kolloa, Baringo, wafuasi wa Lukas Pkech walipambana na maafisa wa serikali. Watu wengi walikufa siku hiyo, wakiwemo maafisa watatu wa Kizungu. Juni 1950 Sheria ya Utulivu wa Umma ikaanza kutumika, ile ambayo hadi leo ni Sura ya 56 ya Sheria za Kenya. Haikutungwa kwa sababu ya Kolloa na Malakisi pekee, kwani koloni zima lilikuwa linachemka. Ila ilitungwa na serikali iliyoamini kwamba mwananchi anayekusanyika na wenzake ni hatari mpaka athibitishe vingine, na kwamba afisa wa utawala ndiye wa kumpa au kumnyima ruhusa ya kusema.

Kinachoumiza ni kwamba uhuru ulipopatikana sheria hiyo haikuzikwa. Mwaka 1968 serikali ya Mwafrika iliipiga marufuku Dini ya Msambwa kwa mara nyingine. Ofisi ya mkuu wa wilaya ilibadilisha picha ukutani, lakini kibali cha mkutano kiliendelea kuombwa pale pale, na kunyimwa pale pale. Baada ya Kenya kufanywa nchi ya chama kimoja kisheria mwaka 1982, hata mbunge alihitaji ruhusa kuzungumza na waliomchagua.

Basi mzee Muliro na wenzake walipotangaza mkutano wa Kamukunji wa tarehe 16 Novemba 1991, hawakuwa wanadai vyama vingi tu. Walikuwa wanavunja, kwa mikono mitupu na mchana kweupe, desturi ya zaidi ya miaka arobaini ya kuomba ruhusa ya kusema. Serikali iliwakamata viongozi, ikajaza polisi Kamukunji, na mkutano wenyewe haukufanyika kama ulivyopangwa. Kwa hesabu ya siku ile walishindwa. Kabla mwezi haujaisha, wafadhili waliokutana Paris walisitisha misaada mipya, na mwanzoni mwa Desemba wajumbe wa chama tawala, KANU, wakakubali huko Kasarani kwamba kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kifutwe. Kikafutwa mwezi huohuo.

Husemwa kwamba wafadhili ndio walioleta vyama vingi. Sikubali. Wafadhili hao hao walikuwa wametoa fedha kwa miaka mingi huku watu wakifungwa bila mashtaka. Kilichobadilika mwaka 1990 na 1991 ni kwamba Wakenya walitoka hadharani, wakapigwa hadharani, na dunia ikashindwa kujifanya haioni. Muliro hakuishi kuona uchaguzi wa Desemba 1992. Alifariki tarehe 14 Agosti mwaka huo katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akirejea kutoka London.

Ruhusa yenyewe iliondolewa miaka sita baada ya Kamukunji. Mwaka 1997, baada ya maandamano ya kudai mageuzi ya katiba ambayo polisi waliyazima kwa nguvu, hata ndani ya kanisa kuu la All Saints jijini Nairobi, wabunge wa serikali na wa upinzani waliketi pamoja na kukubaliana kurekebisha sheria kadhaa kabla ya uchaguzi. Mojawapo ilikuwa ile ya 1950. Tangu wakati huo mwananchi haombi kibali. Anatoa arifa. Na mwaka 2010 katiba mpya ilikuja na Kifungu cha 37: kila mtu ana haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama mahali kushinikiza dai na kuwasilisha maombi kwa wenye mamlaka, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha.

Wakenya wengi wanajua Kifungu cha 37 kwa namba yake. Wachache wanajua arifa yenyewe inavyoandikwa, na hapo ndipo haki nyingi hupotelea. Acha niieleze kama inavyokuwa kaunta ya kituo.

Ni karatasi moja. Inaandikwa kwa afisa anayesimamia kituo cha polisi cha eneo husika, yule tunayemwita OCS. Inataja jina kamili la mwandalizi na mahali anapoishi. Inataja tarehe, na saa za kuanza na kumaliza, ambazo lazima ziwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Inataja mahali pa mkutano, au njia ambayo maandamano yatapita, barabara kwa barabara. Inapelekwa siku 3 au zaidi kabla ya tukio, na isizidi siku 14. Basi. Sheria haimtaki mwananchi aeleze kama anaipenda serikali, wala haimtaki alipe chochote.

OCS naye ana wajibu wake, na huu hautajwi sana. Anatakiwa kuweka daftari la arifa ambalo umma unaweza kuliona. Ikiwa kuna kundi jingine lililokwisha kuarifu kwamba litatumia mahali hapo hapo saa hiyo hiyo, anatakiwa amjulishe mwandalizi mara moja ili atafute siku au mahali pengine. Anaweza kuyazuia au kuyasimamisha maandamano ikiwa arifa haikutolewa, au ikiwa kuna hatari ya wazi na ya karibu ya kuvuruga amani. Maneno "hali ya usalama hairuhusu", yanayotamkwa na afisa bila kueleza hatari ni ipi na iko wapi, hayamo popote katika sheria hiyo. Mwandalizi pia hakuachwa huru kulala nyumbani: yeye au mwakilishi wake lazima awepo mwanzo hadi mwisho, na awasaidie polisi kulinda utulivu.

Nimeisoma sheria hii mara nyingi na kila mara naona jambo moja. Baada ya marekebisho ya 1997 inamfanya polisi na mwandamanaji kuwa washirika wa kazi moja kwa siku moja. Mmoja anasema tutapita hapa na tutamaliza saa kumi, mwingine anasema sawa, nitazuia magari kwenye makutano. Hicho ndicho kilichokosekana Malakisi. Na hicho ndicho kinachokosekana kila OCS anapoirudisha barua bila kuigonga muhuri, kwa maelezo kwamba amri inatoka juu.

Msomaji wa Bungoma ataniuliza: na Mlima Elgon? Ni haki kuuliza, kwa sababu mlima huo uko katika kaunti hiyo hiyo, na kilichotokea huko kinaonyesha upande mwingine wa habari hii vizuri kuliko mfano wowote wa nchi za mbali. Ugomvi wa ardhi ya Chebyuk ulianza na mpango wa makazi wa miaka ya 1970. Ardhi iligawanywa, ugawaji ukabatilishwa, ukarudiwa, na kila awamu ilizaa waliopata na waliofukuzwa. Watu walizunguka ofisi hadi wakachoka. Wanasiasa waliahidi kila kundi kile kile. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ukaja na bunduki za wanamgambo wa SLDF. Kati ya 2006 na 2008 watu zaidi ya 600 waliuawa kwa makadirio ya mashirika ya haki za binadamu, wengine wakakatwa masikio, makumi ya maelfu wakahama. Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wanamgambo walivunjwa nguvu, lakini mamia ya wanaume walikusanywa na kuteswa, na wengine hawakuonekana tena. Zipo familia ambazo hadi leo hazina kaburi la kuonyesha.

Sidai kwamba maandamano ya amani yangemaliza ugomvi wa Chebyuk. Ugomvi ule ulitaka mahakama za haki, wapima ardhi waaminifu na viongozi wasiouza kiwanja kimoja mara mbili. Ninachodai ni hiki: waliochukua bunduki hawakuipatia jamii yao hata ekari moja yenye hati safi. Waliipatia makaburi. Watafiti wa Marekani, Erica Chenoweth na Maria Stephan, walichunguza harakati 323 za kupinga tawala au ukaliaji wa nchi zilizotokea duniani kati ya 1900 na 2006. Zile za amani zilifaulu kwa asilimia 53, na zile za silaha kwa asilimia 26. Sababu mojawapo waliyoitaja inaeleweka hata bila kitabu. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuingia msituni na bunduki, ila anaweza kutembea kilomita mbili hadi ofisi ya kaunti. Mwalimu mstaafu anaweza. Mwanafunzi anaweza. Na polisi aliyeamriwa kupiga ana kazi ngumu zaidi anapomwona shangazi yake safu ya mbele.

Sasa twende Kitale, kwenye mahindi.

Trans Nzoia ina msimu mmoja mkubwa wa mahindi. Mkulima hupanda Machi au Aprili mvua zikianza, na huvuna kuanzia Oktoba. Mahindi yakitoka shambani yanahitaji kuanikwa juu ya maturubai hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5, la sivyo Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, haiyapokei. Magunia ya kilo 90 hupakiwa kwenye tela la trekta au lori la kukodi, na foleni nje ya ghala inaweza kuchukua siku na usiku, mwenye mzigo akilala juu ya mzigo wake. Januari shule zinafunguliwa na karo inatakiwa. Machi mbolea inatakiwa tena. Kwa hiyo mkulima hana mwaka wa kusubiri malipo. Ana miezi miwili au mitatu.

Msimu wa 2017 kuingia 2018 serikali ilitangaza kununua gunia kwa shilingi 3,200. Wafanyabiashara walijaza maghala mahindi ya bei rahisi, mengine kutoka nje ya nchi, wakalipwa, huku wakulima halisi wa North Rift wakingoja fedha zao miezi kadhaa. Kashfa ilipolipuka Mei 2018, mkurugenzi mkuu wa bodi alijiuzulu. Mavuno yaliyofuata, bei ya serikali ikashushwa hadi shilingi 2,300. Wakulima walikataa. Walizungumza na vyombo vya habari wakiwa wamesimama mbele ya maghala, wakawasukuma wabunge wao, wakaandamana, wakasusia kupeleka mahindi. Januari 2019 bei ikapandishwa hadi 2,500.

Shilingi 200 kwa gunia. Kuna atakayesema ni ushindi mdogo. Mwenye ekari tano anayevuna magunia 20 kwa ekari anajua ni shilingi 20,000, nazo ni mbegu na mbolea ya sehemu kubwa ya shamba lake. Lakini nalitaja jambo hili kwa sababu nyingine. Wakulima wale walikuwa wamepiga kura mwaka 2017, tena mara mbili, na uchaguzi mwingine ulikuwa umebakisha zaidi ya miaka mitatu. Mbunge wao alikuwepo Nairobi, seneta wao alikuwepo, MCA wao alikuwepo hapo hapo kijijini. Bei ilishushwa wote wakiwepo. Kura humchagua msemaji, haimlazimishi kusema. Kati ya uchaguzi mmoja na mwingine mwananchi anabaki na sauti yake mwenyewe na miguu yake. Nchi inayomwambia asubiri miaka mitano imemwondoa katika utawala wa nchi yake.

Vivyo hivyo wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, ambao mara kwa mara wameandamana kudai malimbikizo ya mishahara, na wakulima wa miwa waliovuna wakakaa bila kulipwa. Mwaka 2025 kiwanda kilipokodishwa kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30, swali la malimbikizo hayo lilikuwa bado mezani. Nani angelikumbuka kama wangenyamaza?

Ndiyo maana sikushangaa Juni 2024. Mwaka mmoja kabla, Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa imepandisha ushuru wa mafuta, VAT, kutoka asilimia 8 hadi 16, na Trans Nzoia mafuta ni trekta, na trekta ni ugali. Mswada wa 2024 ulikuja na VAT ya asilimia 16 kwa mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na tozo nyingine nyingi. Vijana waliusoma mswada wenyewe, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakausambaza kwa simu. Tarehe 18 Juni walianza Nairobi. Ndani ya siku chache moto ulikuwa umeenea kaunti baada ya kaunti, na miji ya magharibi na bonde la ufa ilikuwemo, hata ile iliyompigia Rais kura kwa wingi mwaka 2022. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha mswada, 106 wakaukataa, katika Bunge ambalo Spika wake ni mwana wa Bungoma. Siku hiyo Bunge lilivamiwa na polisi wakaua watu mlangoni pake. Siku ya pili Rais alikataa kuutia sahihi. Julai 11 alilivunja baraza la mawaziri, na siku iliyofuata Inspekta Jenerali wa polisi akaondoka.

Gharama ilikuwa kubwa mno. Hadi tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa na 361 waliojeruhiwa, na kabla ya mwaka kwisha idadi ya waliokufa ilifika 60. Siwezi kuwaandikia wazazi wao kwamba lilikuwa jambo la lazima. Halikuwa. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inaruhusu bunduki itumike tu pale ambapo njia nyingine hazitoshi, hasa katika kuokoa maisha. Kijana anayekimbia hayahatarishi maisha ya mtu.

Wenye maduka wana neno lao pia, na nimewasikia. Mama anayeuza viatu karibu na stendi akifunga siku mbili hana cha kulipia kodi ya chumba. Katika maandamano ya kumbukumbu ya Juni 2025, maduka yaliporwa na vituo vya polisi vikachomwa katika baadhi ya miji. Wiki moja kabla, Nairobi ilikuwa imeshuhudia wahuni wenye marungu wakija kwa pikipiki na kuwapiga waandamanaji, polisi wakiwa karibu. Anayepora duka ni mwizi, na anayechoma kituo ni mhalifu, awe amejitokeza mwenyewe au amekodiwa. Waandamanaji wenyewe ndio wa kwanza kupata hasara, kwa sababu picha ya duka linaloungua ndiyo itakayotumiwa kesho kuhalalisha risasi. Wanapaswa kumtenga mhuni mapema, wamzungushie watu, wamkabidhi, wamrekodi. Lakini mama wa viatu analindwa na polisi waliopanga njia pamoja na waandalizi, waliovaa sare na namba zao zikionekana. Halindwi na marufuku. Marufuku haijawahi kumzuia mwizi. Huwaondoa barabarani wale wenye nidhamu, na kumwachia mhuni uwanja.

Tarehe 26 Juni 2025 Waziri wa Usalama wa Ndani alisikika akiwaambia polisi kwamba yeyote anayekaribia kituo cha polisi apigwe risasi. Baadaye alijitetea kwamba alizungumzia wavamizi. Maneno hayo yalitamkwa katika nchi ambayo sheria inamtaka mwananchi aende kituoni, kwa miguu yake, kupeleka arifa ya maandamano. Yalitamkwa katika nchi yenye Malakisi. Sijui kama kuna aliyemkumbusha.

Kwa hiyo, msomaji wa Kitale, na wewe wa Bungoma, Webuye, Kimilili, Kapsokwony, mna kazi mbili. Ya kwanza ni kwa wabunge wenu. Mwaka 2025 uliwasilishwa mswada wa kuzuia maandamano karibu na Bunge, Ikulu na mahakama, na mingine ya aina hiyo itafuata. Waulizeni mmoja mmoja, sokoni, kanisani, msikitini, matangani, watapiga kura upande gani, na mwandike walichojibu. Ya pili ni yenu wenyewe. Mkiwa na dai la haki, iwe ni zahanati isiyo na dawa, barabara iliyolipiwa isijengwe, au mahindi yasiyolipwa, msingoje mtu mkubwa awaongoze na wala msitoke kiholela usiku. Andikeni barua ya ukurasa mmoja, tajeni njia na saa, teueni watu wa kulinda safu, mwambieni kila mmoja aje mikono mitupu. Ipelekeni kituoni mchana, mkiwa watatu au wanne, siku 3 kabla, ikiwa na nakala ya pili. Afisa akikataa kuipokea, chukueni jina lake na namba yake ya kazi, na mpeleke malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi. Akiipokea, msiondoke kaunta kabla nakala yenu haijagongwa muhuri.